Msimfungie daftari mtoto wa miezi 18

Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya na wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, kwa TAMISEMI, na kwa waganga wakuu wote wa mikoa na wilaya

Waheshimiwa,

Kwa heshima nawaandikia kuomba jambo moja. Mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na VVU, akipimwa kwa mara ya mwisho na kukutwa hana maambukizi, asiondolewe kwenye ufuatiliaji siku hiyo hiyo. Aendelee kuwa na tarehe ya kurudi mpaka atimize walau miaka 3, na kila anaporudi aangaliwe anavyosema, anavyocheza, anavyotembea na anavyoelewa anachoambiwa.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliitumia kliniki ya mama na mtoto, katika kile chumba cha pembeni ambacho baadhi ya akina mama hukiingia wakiwa wameshusha mtandio usoni. Ninayoyasema hapa niliyaona kwa macho, na baadaye nikakuta watafiti wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Uganda wameyapima na kuyaandika.

Niwaeleze kwanza siku ya miezi 18 inavyokuwa, maana anayeandaa mwongozo akiwa Dodoma huenda hajapata kuikalia siku hiyo. Mama anayeingia mlangoni ametoka mbali. Alipimwa akiwa mjamzito, akaanzishiwa dawa, akajifungua, na mtoto akawa ananyweshwa nevirapine ya maji kila siku kwa wiki 6 au zaidi. Mtoto alipofikisha wiki 4 hadi 6 tulimchoma kisigino, tukadondosha matone ya damu kwenye viduara vya ile karatasi nene, tukaianika ikauke na kuisafirisha maabara. Mama akasubiri majibu huku halali. Akarudi mtoto akiwa na miezi 9, kikafuata kipimo kingine. Muda wote huo mtoto alikuwa kwenye septrin, na mama alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia wifi yake kwa nini mtoto asiyeumwa anakunywa dawa kila siku. Sasa amefika miezi 18, ameacha kunyonya, kingamwili alizopewa na mama yake zimeshatoka mwilini, na kipimo cha haraka kinaweza kuaminika. Wanasubiri robo saa. Unatokea mstari mmoja.

Nimewaona akina mama wakilia hapo, nimewaona wakipiga magoti sakafuni. Muuguzi anaandika matokeo kwenye daftari, anasimamisha septrin, anasema: “Hongera mama, mwanao yuko salama. Wewe endelea na dawa zako CTC,” yaani kliniki ya tiba na matunzo. Mara nyingi siku hiyo hiyo mtoto anachomwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, na ratiba yake ya chanjo za uchanga inaishia hapo. Mama anatoka nje na furaha aliyoistahili. Hana tena sababu ya kurudi.

Katika robo saa ile ya kusubiri, hakuna aliyemuuliza kama mtoto anaelewa akiambiwa “lete kiatu”. Hakuna aliyeuliza kama ameanza kunyoosha kidole kuonyesha kitu anachokitaka. Mtoto anayekaa kimya mapajani saa nzima za foleni tunamsifu kuwa ni mpole. Wengi ni wapole kweli. Wapo ambao hawajaanza kuelewa maneno, au hawasikii vizuri, na ule upole ndiyo dalili yenyewe.

Siibezi kazi iliyofanyika. Pasipo dawa, mama mwenye VVU huweza kumwambukiza mwanawe kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha. Kwa dawa zinazotumiwa vizuri kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5. Nchi yetu ilipoanza mwaka 2013 kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za maisha yote bila kusubiri chembe zake za kinga, CD4, zishuke, tuliokuwa vyumba vya kujifungulia tuliyaona mabadiliko kwa macho. Watoto ambao tungewazika wanacheza mpira leo. Duniani wamefika takribani milioni 16 wale waliozaliwa na mama wenye VVU wenyewe wakiwa hawana maambukizi, na wengi wao wako Afrika kusini mwa Sahara. Hapa kwetu utafiti wa taifa wa 2022–2023 uliwakuta asilimia 5.6 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kwa hiyo katika darasa la awali la shule nyingi za nchi hii, wapo watoto ninaowazungumzia. Mwalimu hawajui, na wala hapaswi kuwajua.

Tulihesabu ushindi kwa kipimo cha damu, na wakati ule ilikuwa sahihi, kwa kuwa kifo ndicho kilichokuwa mlangoni. Sasa wanaishi. Tunapaswa kuuliza wanakuaje.

Majibu yaliyopo yanatosha kutufanya tuchukue hatua. Katika mji wa Paarl, karibu na Cape Town, watafiti wa mradi wa Drakenstein waliwafuatilia watoto tangu wakiwa tumboni. Walipotimiza miezi 24 walipimwa. Katika kufikiri na katika kutumia viungo, watoto waliozaliwa na mama wenye VVU lakini wasio na maambukizi hawakuwa nyuma ya wenzao. Katika lugha hali ilikuwa nyingine: uwezekano wa kuchelewa kuelewa na kuchelewa kusema ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa watoto wengine wa mitaa ile ile. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2019, na mama hao walikuwa kwenye dawa. Naomba muitazame hiyo miezi 24. Sisi tunafunga daftari miezi 6 kabla ya umri ambao tofauti ile ilionekana. Lugha ya mtoto hulipuka kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, nasi ndipo tunapomuaga.

Nisieleweke vibaya. Wengi wa watoto hawa wanakua vizuri kabisa. Wapo walionishinda kwa maneno wakiwa na miaka 2, wanaokuuliza “shangazi unaandika nini?” na jibu wasilisubiri. Tofauti inayozungumzwa ni ya wastani wa kundi, na kwa mtoto mmoja mmoja huwezi kuijua mpaka umtazame. Ndiyo maana naomba watazamwe.

Sababu zake zimefungamana. Mimba ya mama mwenye VVU ina hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Kinga ya mama ikiwa katika mapambano ya muda mrefu, mwili wake hauwi katika hali ya kawaida, na mtoto hukulia humo kwa miezi 9. Kisha kuna maisha nje ya tumbo: chakula kidogo, baba aliyeondoka alipoyasikia majibu, mama aliyeachishwa kazi ya ndani, msongo wa siri anayoibeba peke yake. Mama aliyejaa mawazo hunyonyesha, huogesha, hulisha, lakini huongea kidogo. Mtoto naye hujifunza kusema kwa kusemeshwa.

Hapa nasimama kidogo, maana barua ya namna hii ikifika vijiweni hugeuzwa. Mama asiache dawa. Asipunguze kidonge, asiruke siku kwa kudhani anamlinda mtoto. Virusi visivyodhibitiwa vina madhara makubwa kuliko dawa, na mtoto anayeambukizwa VVU yuko katika hatari ya kuchelewa zaidi na kupoteza maisha mapema. Mnakumbuka mwaka 2018 hofu ilivyozuka juu ya dawa ya VVU iitwayo dolutegravir na uti wa mgongo wa kichanga. Botswana hawakukimbia, mradi wao wa Tsepamo uliendelea kuwahesabu watoto wanaozaliwa mpaka ikaonekana kuwa hofu ile haikuwa na msingi. Dawa ni rafiki wa mama na mtoto. Ninachoomba kinakuja juu ya dawa, hakichukui nafasi yake.

Na VVU havipo peke yake. Rubela ikimpata mama mimba ikiwa changa, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro au masikio yasiyosikia. Ndiyo maana tangu Oktoba 2014 tunachanja surua na rubela kwa pamoja. Kipo pia kirusi kiitwacho CMV, ambacho watu wengi wanacho bila kujua. Kikimfikia mtoto tumboni kinaweza kumharibia usikivu, na pengine uziwi hujitokeza miezi mingi baada ya mtoto kuzaliwa akiwa anasikia. Kwa hiyo mtoto yeyote anayechelewa kusema apimwe masikio kwanza, kabla hatujamwita mzito. Hospitali za mikoa zenye wataalamu wa masikio zipokee rufaa hizi bila kumzungusha mama.

Nirudi kwenye ombi. Mtaniambia programu ipo, na ni kweli. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, inamhusu kila mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na imejengwa juu ya mambo matano ambayo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliyatangaza mwaka 2018: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Nimeisoma na naiunga mkono. Lakini programu ikishuka mpaka zahanati, inamkuta muuguzi mmoja mwenye wajawazito 20 kwenye benchi, mizani, jokofu la chanjo na madaftari ya kujaza. Hajaambiwa ni siku gani, kwa mtoto yupi, aulize swali lipi, na ajaze wapi. Kadi za mtoto nilizozishika zilijaa mistari ya uzito, lakini mahali pa kuandika hatua za ukuaji, palipokuwepo, palibaki peupe. Muuguzi hujaza kile ambacho msimamizi akija atakikagua.

Basi naomba daftari la watoto waliozaliwa na mama wenye VVU liongezewe safu tatu baada ya ile ya kipimo cha mwisho: miezi 24, miezi 30 na miezi 36. Mtoto akipata majibu ya kuwa hana maambukizi, apangiwe tarehe ya miezi 24 pale pale, huku mama bado anafurahi, na aelezwe ya nini. Aambiwe hivi: tumemaliza kuvitafuta VVU kwa mwanao, sasa tunataka tumwone akikua.

Tarehe hizo zisimwongezee nauli. Tayari tuna Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba, ambapo watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A na kupimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, na waliotimiza mwaka mmoja wanapewa pia dawa za minyoo. Mama wanakuja kwa wingi, mpaka viwanja vya zahanati vinajaa. Watoto wote wenye umri wa miezi 18 hadi 36 waangaliwe siku hiyo hiyo. Nasema wote, nami nasisitiza neno hilo. Tukimwita pembeni mtoto wa mama mwenye VVU peke yake, kijiji kizima kitajua ifikapo magharibi. Swali liulizwe kwa kila mtoto, na wale wenye daftari lao wafuatiliwe kimya kimya wasipotokea. Hivyo siri ya mama inalindwa, na wakati huo huo anapatikana mtoto wa jirani ambaye naye amechelewa kwa sababu nyingine, kwa kuwa katika nchi ambayo asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 wamedumaa, hao nao ni wengi.

Kuangalia kwenyewe si kazi kubwa. Nilikuwa na kikombe cha plastiki, kijiko, mpira wa matambara na kiatu kimoja cha mtoto. Naviweka kwenye mkeka. Namwambia mtoto, bila kunyoosha kidole: “Nipe kijiko.” Wa miaka 2 atakiokota, au atakitazama, au atamtazama mama yake kwa aibu halafu akitazame. Hapo nimeshajua anaelewa. Namuuliza mama kama mtoto anaunganisha maneno mawili, mfano “mama njoo”, “taka uji”, “baba kaenda”. Namuuliza kama anaigiza kazi za nyumbani, kufagia, kupika kwa makopo, kumbeba mdoli mgongoni. Naita jina la mtoto nikiwa nyuma yake nione kama atageuka. Kama mtoto wa miezi 18 hajatembea peke yake, hilo halihitaji mjadala, kwa kuwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani karibu watoto wote wenye afya wanakuwa wameanza kutembea kabla ya umri huo. Dakika 5 zinatosha. Mama naye anajifunza pale pale, maana mara nyingi ni mara ya kwanza anamwona mtu mzima wa kliniki anakaa chini kucheza na mwanawe.

Tukitaka vipimo vya kitaalamu zaidi, hatuendi kuvinunua mbali. Pale Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wa miezi 6 hadi 35 kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa pwani anavijua. Malawi walichapisha chao mwaka 2010, na kimetumika nchi nyingi za Afrika. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2023 kipimo chake cha watoto chini ya miaka 3, kilikuwa kimejaribiwa Bangladesh, Pakistan na kisiwani Pemba. Kipimo hicho cha mwisho ni cha kujua hali ya kundi la watoto, hakikukusudiwa kumpa mtoto mmoja jina la ugonjwa, lakini maswali yake yameshaulizwa kwa akina mama wa Pemba, nao wakayajibu. Watoto wetu wamechangia elimu ya dunia nzima. Nao wafaidike nayo.

Kutambua bila kusaidia ni kumtwisha mama wasiwasi mpya. Kwa hiyo nawaomba mwangalie kilichofanya kazi. Zimbabwe, katika wilaya za Chirumanzu na Shurugwi, familia za mama wenye VVU ziligawanywa katika makundi. Wengine walifundishwa ulishaji na mtoto akapewa nyongeza ya lishe kila siku tangu miezi 6 hadi 18. Wengine walijengewa choo bora, wakapewa vibuyu chirizi vya kunawia, dawa ya kutibu maji na mahali safi pa mtoto kuchezea. Wengine walipewa vyote. Watoto wa kundi lililopata vyote walipofika miaka 2 walikuwa na maendeleo bora kwa jumla, mwendo na lugha pia, na walijua maneno mengi zaidi. Lishe peke yake au usafi peke yake havikuleta tofauti hiyo. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho kubwa kwa wizara zetu, kwa sababu lishe iko idara hii, maji yako wizara ile, malezi yako wizara nyingine, na mtoto ni yule yule mmoja.

Uganda nako, wilayani Kayunga, walitumia njia ya kumfundisha mama. Kwa mwaka mmoja, kila baada ya wiki 2 hivi, walezi wa watoto wa mama wenye VVU walielekezwa namna ya kugeuza kuogesha, kupika na kufua kuwa mazungumzo: kumwonyesha mtoto kitu, kukitaja, kumsubiri ajibu, kumsifu. Watoto wao walipiga hatua zaidi katika lugha kuliko wenzao ambao walezi wao walifundishwa afya na lishe pekee. Hakuna aliyenunuliwa vinyago vya dukani. Chupa ya maji yenye kokoto na kifuniko kilichokazwa vizuri ni njuga ya mtoto, na vizibo vya soda 10 vya rangi mbalimbali vinamtosha kujifunza kutenganisha na kuhesabu, mradi mtu mzima yuko karibu asivimeze.

Mahali pa kuanzia ni foleni yenyewe. Mama anakaa kliniki saa 3 na mtoto ananyamazishwa kwa biskuti. Siaya, nchini Kenya, wahudumu walianza kuutumia muda huo wa kusubiri kwa kucheza na watoto na kuzungumza na walezi juu ya hatua za ukuaji. Hapa kwetu, mkoani Tabora, mradi uliopewa jina la Malezi uliyaingiza mazungumzo ya aina hiyo vituoni. Miradi ina tabia ya kuondoka na magari yake. Kilichobaki vituoni ni benchi, mama na mtoto, na hivyo ndivyo ninavyotaka tuvitumie: mkeka mmoja, sanduku moja la vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na akina mama wenyewe, na mama kinara mmoja anayejua la kufanya.

Kuhusu mama vinara niseme neno. Ni wanawake wanaoishi na VVU, waliokwisha kuzaa watoto wasio na maambukizi, ambao huwashika mkono wenzao. Wengi walikuwa wakilipwa posho na miradi ya wafadhili. Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za aina hiyo ziliyumba. Hatuwezi kuujenga ukuaji wa watoto wetu juu ya barua inayoweza kuandikwa Washington usiku mmoja. Mwishoni mwa Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwapata 137,294 katika miaka 5. Nafasi ni hiyo. Mama vinara wenye sifa wapewe kipaumbele cha kuingia humo, na mafunzo ya kila mhudumu yawe na somo la malezi na uchezaji kwa vitendo, si ukurasa mmoja wa kusomewa. Mhudumu huyo apite nyumba zote zenye watoto chini ya miaka 3, asiende kwa mmoja tu mpaka majirani waanze kuhesabu.

Na anapofika, amuulize mama hali yake kabla ya kumtazama mtoto. Analala? Anakula? Ana mtu wa kuzungumza naye? Zimbabwe wameonyesha kwamba bibi wa kawaida aliyefundishwa, akikaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza kwa utaratibu, anaweza kumpunguzia sonona. Bibi wa namna hiyo kwetu hawakosekani. Baba naye aitwe. Nimewaona akina baba wanaokuja kliniki wakakaa karibu na lango wakichezea simu kwa sababu hakuna aliyewaambia wana kazi gani ndani. Mpeni mpira wa matambara, mwambieni akae mkekani. Wengi hukaa.

Gharama ya haya ni ndogo ukiilinganisha na tulichokwisha kutumia kumleta mtoto huyu mpaka miezi 18 akiwa mzima. Safu tatu kwenye daftari zinahitaji wino. Sanduku la michezo linahitaji jioni moja ya akina mama. Mafunzo yanahitaji fedha, ndiyo, na usimamizi unahitaji fedha, na rufaa ya mtoto asiyesikia inahitaji fedha zaidi. Ziwekwe kwenye bajeti za halmashauri kwa jina lake, zisifichwe ndani ya “shughuli nyinginezo”, kwa sababu kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anajua mafungu ya namna hiyo yanavyoishia.

Waheshimiwa, mwongozo wa taifa wa kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa. Utakaporekebishwa tena, mtoto mwenye majibu hasi asiandikiwe kwamba ameondolewa kwenye huduma. Aandikiwe tarehe ya miezi 24. Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Wizara ya Afya zikubaliane nani anamlipa mhudumu anayemfuata asipotokea, na TAMISEMI iwaagize wakurugenzi.

Nanyi waganga wakuu wa wilaya, hamna haja ya kusubiri mwongozo. Chagueni vituo vitano katika wilaya zenu. Katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto unaokuja, tandikeni mkeka karibu na meza ya matone, wekeni kikombe, kijiko, mpira na kiatu, na mkalisheni hapo muuguzi mmoja ambaye siku hiyo hatapewa kazi nyingine yoyote. Mtakaowakuta hawaelewi “nipe kijiko”, waandikeni, wapimeni masikio, na wapangieni siku ya kurudi.

Wenu katika kuwahudumia mama na mtoto,

Muuguzi mkunga mstaafu